Sura Si Ukoo: Ameba Wanaoungana Udongoni

(Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya walimu wa baiolojia, wanafunzi wa sekondari na wazazi wao)

Jambo yenu nyote. Wapapa, wamama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti, aksanti kwa kufika na mvua hii.

Kabla sijaanza, naomba sahani hii ya kioo izunguke kwenu. Ishikeni pembeni, msifungue kifuniko. Udongo niliochukua ni kijiko kimoja tu, nimeuchota ukingoni mwa msitu, njia ya Kahuzi, chini ya majani yaliyooza. Niliukoroga kwenye maji, nikadondosha matone machache juu ya agari, yaani jeli ya kuoteshea vijidudu, nikawawekea bakteria wawe chakula, nikaiacha sahani kivulini. Siku ya nne vikaota hivi mnavyoviona: vijiti vyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, kila kimoja kimebeba tone kichwani. Ielekezeni dirishani. Mtaona kwamba vijiti vingine vina matawi yaliyopangwa kwa duara, duara moja juu ya jingine, na matone madogo kwenye ncha zake. Kuna vyeupe, kuna vya zambarau. Viangalieni vizuri, kwa sababu mhadhara wangu wote uko ndani ya tofauti hiyo ya rangi.

Ukimwonyesha mtu yeyote mtaani atakuambia ni ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa. Hata wataalamu walisema hivyo hivyo kwa muda mrefu. Mjerumani Oskar Brefeld aliyeeleza kiumbe wa kwanza wa aina hii mwaka 1869, akimtoa kwenye samadi, alimwita Dictyostelium mucoroides. Sehemu ya kwanza ya jina ina wavu na nguzo ndani yake; ya pili maana yake ni "anayefanana na Mucor", yaani ukungu wa kawaida kabisa. Brefeld aliamini kwamba seli zake huyeyukiana zikawa kitu kimoja. Miaka 11 baadaye, mwaka 1880, Mfaransa Philippe van Tieghem aliangalia kwa utulivu zaidi akaona kwamba seli hazichanganyiki hata kidogo. Zinakusanyika, zinashikana, zinapandana, lakini kila moja inabaki na utando wake. Ndiyo maana aliliita kundi lile kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kutochanganyika.

Napenda sana tofauti hiyo, na ninawaomba vijana muikamate. Ukungu wa mkate unakua kwa nyuzi zinazorefuka. Hawa wa kwenye sahani hawakukua hivyo. Jana usiku hapakuwa na kijiti. Palikuwa na maelfu ya ameba, viumbe wa seli moja moja, kila mmoja anatembea kivyake kama mtu sokoni Kadutu, anameza bakteria, anajigawa mara mbili, anaendelea. Chakula kilipokwisha, ndipo jambo lilipoanza.

Niliamka saa kumi alfajiri kuwatazama. Umeme haukuwepo, nikatumia taa ya betri na hadubini ya shule. Kwanza unaona tambarare ya vidoa visivyo na mpango. Halafu vidoa vinaanza kuelekea upande mmoja, vinasimama, vinaenda tena. Vinajipanga mkia kwa kichwa, vijito vinakutana na kuwa mito, mito yote inateremkia kituo kimoja. Kilima kidogo kinainuka. Katika ameba aliyesomwa kuliko wote, Dictyostelium discoideum, kilima hicho kinalala chini kikawa kama koa mdogo wa milimita chache, anatambaa kufuata mwanga na joto, ndani yake zikiwemo seli hadi laki moja. Akifika mahali panapofaa anasimama. Sehemu moja ya seli zake inajenga nguzo, inajifunga kwa selulosi na kufa. Zilizobaki zinapanda juu ya nguzo hiyo na kuwa spora, mfano wa vijimbegu, tayari kubebwa na mdudu au maji ya mvua. Zinazokufa ni kama 20 katika kila 100. Kazi yote, tangu njaa mpaka nguzo kusimama, inachukua takriban saa 24.

Huyo discoideum alipatikana mwaka 1933 katika majani makavu ya msitu wa North Carolina, Marekani, na kijana aliyeitwa Kenneth Raper. Tangu hapo maabara za dunia nzima zimemlea. Mwaka 2005 jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, ilichapishwa: kromosomu 6, jeni takriban 12,500. Kwa kiumbe ambaye hatumwoni kwa macho, hizo si chache.

Sasa turudi kwenye jina, kwa sababu ndilo lililonileta hapa.

Mtu anayepanga viumbe anaanza na macho, hana kingine. Waliowatangulia walimu wetu walitazama nguzo wakagawa makundi matatu. Nguzo yenye seli ndani, bila matawi ya duara: Dictyostelium. Nguzo yenye matawi ya duara kama mnavyoyaona: Polysphondylium. Nguzo isiyo na seli ndani, uzi mtupu wa selulosi ambao seli zote huupanda na kuwa spora bila hata moja kufa: Acytostelium. Mpango huo ni safi, unafundishika, na mimi mwenyewe niliukariri. Watu wakaongeza hadithi juu yake: Acytostelium ni mzee wa ukoo kwa kuwa ni rahisi, kisha Dictyostelium akajifunza kufia wengine, kisha Polysphondylium akaongeza matawi. Kama ngazi.

Mwaka 2006 Pauline Schaap na wenzake walisoma jeni za karibu spishi zote zilizokuwa zinajulikana wakati ule, na ngazi ikaanguka. Yalitokea makundi makubwa manne, na mipaka yake haikufuata zile sura tatu. Acytostelium hakuwa mzee. Alikuwa amekaa katikati ya kundi la pili, amezungukwa na ndugu wenye nguzo ya seli. Maana yake mababu zake walikuwa na nguzo ya seli, yeye akaiacha. Urahisi wake ni wa kupoteza, si wa kuanza. Walimu wenzangu, hili ni kosa tunalolifanya kila siku darasani: tukiona kiumbe chenye vitu vichache tunakiita cha kale. Kuku kutoruka mbali hakumfanyi awe babu wa tai.

Na wale wenye matawi? Hapo ndipo sahani yenu inaposema. Wale wa zambarau wana sura ya Polysphondylium violaceum, weupe wana sura ya yule aliyekuwa akiitwa Polysphondylium pallidum. Majina ya kwanza yalikuwa sawa kwa sababu matawi ni sawa. DNA ilionyesha kwamba wa zambarau yuko karibu zaidi na Dictyostelium, na mweupe yuko upande wa pili kabisa wa ukoo, pamoja na Acytostelium asiye na matawi ya namna hiyo. Mpangilio mpya uliochapishwa mwaka 2018 uliwagawa ameba hawa wote katika oda 2, yaani matawi makubwa ya ukoo, na jenasi 12, yaani familia ndogo zinazobeba jina la kwanza la kiumbe. Mweupe akapewa jina jingine, Heterostelium. Kwa hiyo hao wawili mnaowaona wamesimama pamoja, wamefanana kama mapacha, hawamo hata katika oda moja. Matawi ya duara yamezaliwa zaidi ya mara moja.

Kuna walionilalamikia kwamba wanasayansi wanabadili majina ili kuwachosha wanafunzi. Nawaelewa, kukariri kunaumiza. Lakini jina la jenasi ni dai la ukoo. Ukiliacha hali unajua si kweli, unamwandikia mtoto baba asiye wake.

Mambo ni makubwa kuliko hao wawili. Tukitoka kwenye ukoo wa Dictyostelium tunakuta ameba wengine wenye tabia ile ile ya kukusanyika na kupandisha spora. Acrasis alikuwa akiwekwa nao kapu moja. Kumbe ni ndugu wa Naegleria, ameba wa ukoo mwingine, mbali mno kwenye mti wa uhai. Fonticula alba ametokea upande wa kuvu. Guttulinopsis ni wa kundi la Rhizaria, tawi jingine kabisa la viumbe wadogo. Sorogena hata ameba si, ni wa jamii ya paramesia, wenye vinyweleo vya kuogelea. Nao Dictyostelium wenyewe wamo katika Amoebozoa, ukoo ulio karibu zaidi na wanyama na kuvu kuliko ulivyo karibu na mimea. Kila tawi liligundua kivyake kwamba mwenye njaa akiwapandia wenzake mgongoni anafika mbali. Neno "ameba wa kijamii", wanaloitwa wanaokusanyika hivi, kwa hiyo linataja kazi, kama vile tunavyosema "mvuvi". Mvuvi wa Idjwi na mvuvi wa Tanganyika wanashika nyavu zilezile, na hiyo haiwafanyi watoto wa mzee mmoja.

Walianzaje? Hapa ushahidi ni mzuri. Ameba wengi wanaoishi peke yao, ardhi ikikauka, hujifungia ndani ya ganda na kusubiri. Katika yale makundi manne ya jeni, spishi nyingi za makundi matatu ya kwanza bado zinaweza kufanya hivyo. Kundi la nne, la discoideum, limepoteza uwezo huo. Na mashine inayotengeneza spora inaonekana imetokana na ile ya kutengeneza ganda. Kilichokuwa dawa ya ukame ya mmoja kikawa kazi ya wengi.

Hata mwito wenyewe una historia. John Tyler Bonner alionyesha mwaka 1947 kwamba ameba wanavutwa na kemikali inayosafiri majini. Mwaka 1967 ikajulikana kwa discoideum kuwa ni AMP duara, ambayo vitabu huiandika cAMP, molekuli ndogo inayotumika pia ndani ya seli zetu wenyewe. Seli moja inaitoa, jirani anaisikia, anasogea, naye anaitoa. Mawimbi yanapita kila baada ya dakika kama sita. Ile hali niliyowaeleza ya kwenda na kusimama ndiyo hiyo. Sasa, katika makundi yote manne cAMP inafanya kazi mwishoni, wakati wa kujenga nguzo na spora. Kundi la nne pekee ndilo linaloitumia pia mwanzoni kuwaita watu wake. Jeni ni ileile, imeongezewa swichi ya kuwashwa mapema. Wengine wanaitana kwa kemikali nyingine: violaceum kwa iitwayo glorini, Dictyostelium minutum kwa asidi ya foliki, ile mnayopewa, wamama, mkiwa na mimba.

Kijana mmoja hapo mbele ameuliza: nani anakubali kufa kwenye nguzo? Swali zito. Mnajua mtu anayetokea salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ikiisha, anakuta mfereji umeshazibuliwa, anamwaga maji yake machafu humo. Ameba wa namna hiyo wapo. Mwaka 2000 Joan Strassmann, David Queller na mwenzao walichanganya koo tofauti za discoideum kutoka udongoni wakaona baadhi zinaingiza seli nyingi kwenye spora kuliko haki yao, na kuwaachia wenzao nguzo. Uungwana haukuuawa na hilo, kwa sababu seli zina namna ya kutambuana. Protini mbili za juu ya utando, TgrB1 na TgrC1, zinashikana kama ufunguo na kufuli, na hutofautiana kati ya koo. Anayefia nguzo mara nyingi anambeba ndugu yake.

Mama wa nyuma ameniuliza kama weupe na wa zambarau wakikutana wanakubali kupanda pamoja. Sahani ikirudi nitawaonyesha kwa hadubini. Raper alijaribu jambo la karibu na hilo zamani: alimchanganya discoideum na violaceum. Mito ya seli ilipishana, mwingine ukapita juu ya mwingine, na kila mmoja ukafika kituo chake. Na hapo kwenye sahani, karibu na alama niliyochora kwa kalamu nyekundu, kuna kijiti cheupe na cha zambarau vimeota kwa umbali usiofika milimita moja. Nimevitazama kuanzia chini mpaka juu. Kila tone lina rangi yake.