Baada ya Mchele Kwisha: Kazi kwa Waliokumbwa na Maafa

SALMA: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja, wa Pemba na wa kwengineko. Mimi ni Salma, na mwenzangu Khamis yuko hapa. Leo tunazungumzia maafa, lakini hatutakaa sana kwenye siku ile ya upepo na maji. Tunataka kuzungumza juu ya mwezi wa tatu au wa sita baada yake. Mchele wa msaada umeshaliwa, mablanketi yameshagaiwa, na mtu bado hana pa kupata riziki.

KHAMIS: Dada Salma, mimi naomba tuanzie mbali kidogo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa wingi usiosemeka. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo imebeba karafuu za visiwa hivi.

SALMA: Wengi wanadhani ni rutuba ya ardhi tu.

KHAMIS: Rutuba ipo, lakini na kimbunga kile kina sehemu yake. Sasa tazama mkarafuu wenyewe. Ukipanda mche leo, utangoja miaka sita, saba, hata zaidi, ndipo uchume cha maana. Aliyeangukiwa na shamba mwaka ule, hapo katikati anakula nini?

SALMA: Na tuiseme yote. Mashamba yalikuwa ya wenye mali, waliofanya kazi mle ni watumwa. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897. Maana yake mikono iliyofukua na kupanda upya, mingi haikulipwa kitu. Ndiyo maana mimi nikisikia wanakijiji wameitwa kuzibua mitaro bure baada ya mafuriko, na hapohapo mkandarasi wa mbali analipwa kutengeneza barabara yao, roho inaniuma.

KHAMIS: Ujima ni mila yetu, hatuukatai.

SALMA: Hatuukatai. Jirani akiezeka, tunakwenda, tunakula pamoja, tunarudi. Lakini mtu ambaye mpunga wake umezama, ukimtoa siku nzima bila ujira umemzidishia njaa. Siku ile angeweza kwenda kutafuta vibarua. Kama fedha ya kutengeneza ipo, basi ianze kupita mikononi mwa waliopoteza.

KHAMIS: Ufilipino walifanya hivyo. Kimbunga Haiyan, wenyewe wanakiita Yolanda, kiliwapiga Novemba 2013, kikaua watu zaidi ya 6,000. Minazi kiasi cha milioni 33 iliangushwa au kuharibika. Serikali yao pamoja na Shirika la Kazi Duniani wakaajiri walioathirika kusafisha na kutengeneza, kwa kima cha chini cha mshahara cha pale pale, wakawapa na vifaa vya kujikinga na bima.

SALMA: Bima hiyo watu wanaipuuza. Unamwambia mtu afukue kifusi chenye misumari na mabati yaliyochanika, hana glavu, hana viatu. Akijikata, nani atamtibu?

KHAMIS: Na lile la minazi ndilo linatuhusu hasa sisi. Mnazi uliolala chini ukiachwa ukaoza, mdudu chonga anazaliana humo, halafu anapanda kwenye minazi iliyobaki. Kwa hiyo magogo yalitakiwa yaondoke haraka. Watu wakapewa misumeno ya mashine, wakafundishwa kuitumia, wakapasua mbao za kujengea nyumba zao. Uchafu wa kimbunga ukawa mbao, na kijana akabaki na ufundi. Na katikati ya miche mipya wakapanda mahindi na mboga, ili mtu apate kitu cha kupeleka sokoni huku mnazi unakua.

SALMA: Hapo umelijibu swali lako la 1872. Katikati hapo mtu anakula mbogamboga na ujira wa mbao. Lakini nisiwapambe sana wa nje, maana yapo yaliyokwenda mrama. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Disemba 2004, Aceh kule Indonesia na Sri Lanka, mashirika yalishindana kugawa mashua. Mashua nyingi zilikuwa ndogo, mbovu, mbao zisizofaa. Sehemu nyengine zikazidi hata mahitaji, na kwengine wavuvi hawakuzitumia.

KHAMIS: Kwa sababu mashua inapendeza kwenye picha.

SALMA: Inapendeza, na kuhesabika ni rahisi. Lakini mvuvi wa Kojani au Nungwi ukimuuliza, atakwambia chombo ni kimoja katika mambo mengi. Wavu je? Mashine? Barafu? Samaki atamuuzia nani ikiwa barabara ya sokoni imekatika? Na waunda vyombo wa palepale, ambao nao wamepoteza zana zao, mbona hawakupewa wao kazi ya kuunda? Mpe fundi huyo randa, keekee na mbao nzuri, akae na vijana wawili wa kumsaidia. Umepata mashua ambayo bahari ile inaijua, na umepata mafundi watatu.

KHAMIS: Tuje kwenye nyumba, nina hamu nayo hii. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotukaribia, kila mtu alikuwa anaangalia juu kwenye paa lake. Sasa paa huwa linarukaje? Watu wanalaumu bati, ati ni jembamba. Mara nyingi tatizo liko chini yake. Kenchi, yaani zile mbao zinazobeba paa, imekalishwa juu ya ukuta, haikufungwa na kitu. Upepo unaingia chini ya ukingo wa bati, unasukuma juu, na paa zima linanyanyuka. Fundi akiacha vipande vya nondo vimesimama kutoka kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya ukuta, wakati zege bado bichi, halafu akavikunja na kuifunga kenchi barabara, gharama ni ndogo mno. Anachohitaji ni kujua, na kujua kabla hajamwaga zege.

SALMA: Na baada ya maafa ndipo nyumba nyingi zinajengwa kwa mpigo.

KHAMIS: Ndiyo! Hakuna darasa bora kuliko hilo. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo, kwa Pemba viko Vitongoji na Daya Mtambwe. Lakini mama aliyepoteza nyumba hawezi kumuacha mtoto akaenda kusoma miezi kadhaa. Mwalimu ndiye ahamie kijijini, afundishe juu ya nyumba zinazojengwa, na mwanafunzi alipwe posho ya siku kwa sababu anajenga kweli. Mwisho apimwe, apewe cheti, aweze kuomba kazi hata kwenye ujenzi wa mahoteli.

SALMA: Na vifaa. Cheti bila kolego, pimamaji na mwiko ni karatasi ya kutundika ukutani.

KHAMIS: Nakubali kabisa. Kozi imalizike na mkoba wa zana mkononi.

SALMA: Mimi nataka kuwatetea akina mama wa mwani, maana maafa yao hayana kelele. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaolima ni wanawake. Bahari ikipata joto, ile aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri, inanyong'onyea, inapauka, inakatika kwenye kamba. Wengi wamebaki na aina nyengine, spinosamu, na bei yake ni ndogo. Hakuna king'ora kinacholia, hakuna anayekuja na blanketi. Ni sawa na Kisiwa Panza na sehemu nyengine za Pemba ambako maji ya chumvi yanaingia mashambani. Mtu anapoteza bonde la mpunga kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

KHAMIS: Kotonii inasemekana inastahimili ikipelekwa kwenye kina, ambako maji ni ya baridi zaidi.

SALMA: Inastahimili, na wapo wanaofundisha kulima kwa nyavu ndefu zenye umbo la bomba kwenye maji ya kina. Lakini mwanamke ambaye miaka yote amelima maji yakitoka, ya kupwa, anatembea kwa miguu hadi kwenye vigingi vyake, ukimwambia aende kwenye kina unamtaka awe na mashua na ajue kuogelea. Wengi hawakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo somo la kwanza la kilimo kile ni kuogelea, na mwalimu awe mwanamke, na nguo iwe ya stara. Ukiruka hapo, umewafundisha waume zao, na ile fedha kidogo waliyokuwa wanaishika wenyewe imeondoka.

KHAMIS: Kuna wengine wameingia kwenye sabuni za mwani.

SALMA: Wako, na zinauzika kwa wageni. Lakini kila kijiji kikitengeneza sabuni ile ile, nani ataziogea zote? Kabla ya kufundisha, kaulizeni mnunuzi. Hoteli inataka mboga? Skuli inataka madawati? Tuanzie hapo, ndipo tutafute mwalimu.

KHAMIS: Umebaki na lipi, Dada?

SALMA: Orodha ya sheha. Maafa yakitokea, sheha, kiongozi wa shehia, ndiye anayeandika walioathirika. Anaandika nyumba zilizoanguka, na hiyo ni haki. Lakini mpangaji aliyepoteza cherehani chumbani haingii, nyumba si yake. Mjane anayechoma maandazi, meza yake imechukuliwa na maji, haingii. Nashauri daftari liwe na safu moja zaidi: huyu alikuwa anafanya kazi gani, na zana gani imepotea. Na liandikwe sasa hivi, kabla ya masika, shehia kwa shehia, ijulikane nani seremala, nani mshoni, nani anajua umeme.

KHAMIS: Sheha akikusikia atakwambia daftari lenyewe hana.

SALMA: Basi tumnunulie daftari. Wasikilizaji, mkienda barazani kwa sheha wiki hii, mpelekeeni hilo, na mtupigie mtueleze amejibu nini. Wiki ijayo tutasoma majibu yenu hapa.