Masikio ya Msagaji

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wasagaji, wakoboaji na wapakiaji wa Kibaigwa, asanteni kwa kukubali kuzima mashine nusu saa. Najua nusu saa ya msimu wa mahindi ni magunia mangapi, kwa hiyo sitazunguka.

Asubuhi nilipopita kuwaalika nilimuuliza kijana mmoja mlangoni kama kelele hazimsumbui. Akasema, "Nimezoea." Wa pili vilevile. Wa tatu ilibidi nirudie swali mara mbili, ndipo naye akaniambia amezoea. Mnacheka, lakini neno hilo ndilo lililonileta. Kiganja kikishika mpini wa jembe kila siku kinaota sugu, hapo kimezoea kweli. Sikio halioti sugu. Ukiona kelele za mashine zimekuwa ndogo kuliko mwaka jana na mashine ni ileile, basi kilichopungua ni sikio.

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejiviringa kama nyumba ya konokono, na ndani yake kuna maji. Humo zimo seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Zingekuwa punje za uwele zingejaa viganja viwili hivi, basi. Sauti ikiingia maji yanatikisika, vinyweleo vinalala na kuinuka kama shamba la uwele kwenye upepo. Upepo wa kawaida ukipita, uwele unasimama tena. Ukivuma wa kuvunja mabua, kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, hausimami. Kuku seli hizi zikimfia zinaota upya. Binadamu hazimwoti, na mpaka leo hakuna dawa ya kuziotesha. Kwa nini kuku apewe sisi tunyimwe, hilo mumuulize Mungu.

Sasa hesabu. Sikio lina posho yake ya siku. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani, NIOSH, waliipanga hivi, kwa desibeli, yaani kipimo cha ukali wa sauti: kelele za desibeli 85, saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatika nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja tu. Mashine za kusaga mara nyingi hupita 90. Kama yako iko 94 na umeiwasha saa mbili asubuhi, saa tatu posho imekwisha. Chai hujanywa, na utakaa pale mpaka jioni. Huna kipimo? Msimamishe mwenzako umbali wa mkono. Ikibidi upaze sauti ili akusikie, jueni mmefika 85 au mmepita.

Baba yangu mdogo alisaga miaka ishirini na kitu. Kilichotushtua kwanza ni magunia. Mteja anasema sita, yeye anapakia tisa. Anasema tisa, anapakia sita. Watu wakasema mzee ana dharau, wengine wakasema ni mwizi. Yasikilizeni vizuri maneno hayo mawili: s na t ni sauti nyembamba, na kelele za kazini huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba. Ukiziondoa, sita na tisa zote zinabaki "i-a". Sauti nene anaipata vizuri, ndiyo maana akiitwa anaitika na nyumbani hakuna anayedhani ni kiziwi. Kisha ukaja mlio. Usiku mmoja aliamka na tochi akitafuta nyenje chini ya kitanda. Nyenje alikuwa kichwani mwake, na hajaondoka hadi leo.

Kuna anayesema, "Mimi jioni masikio yanaziba, asubuhi yamefunguka, niko sawa." Mwaka 2009 watafiti wa masikio Sharon Kujawa na Charles Liberman kule Boston, Marekani, waliwapigia panya kelele za desibeli 100 kwa saa mbili. Baada ya muda panya walipimwa, usikivu umerudi. Walipotazama ndani ya masikio yao, viungio vya mishipa inayopeleka sauti kwenye ubongo vilikuwa vimekufa, mahali pengine karibu nusu. Hao ni panya, sawa. Lakini mimi lile "asubuhi yamefunguka" haliniliwazi tena.

Kinga ni hivi vizibo vya sponji. Pamba haitoshi. Nawa unga mikononi kwanza. Kisokote kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie kwa kidole nusu dakika mpaka kivimbe. Kikichungulia nje nusu nzima, hujavaa, umejipamba. Wala usivue kila mara. Kizibo cha kupunguza desibeli 30, ukikivua saa moja tu katika saa kumi, kinga inayobaki ni 10.

Mzee ameuliza, akiziba atasikiaje mashine ikikosa mahindi au nyundo zikilegea. Utasikia, mzee. Kizibo ni kama miwani ya jua, kinapunguza ukali, hakizimi. Mlio ukibadilika utaujua.

Mama zangu mnaosubiri unga na mtoto mgongoni, subirini kule chini ya mti. Mwenye mashine, weka benchi huko. Na kinga ni juu ya mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo boksi la vizibo lilikaa kwenye droo yenye kufuli, likitoka siku ya mkaguzi tu. Vijana, mkifunga kazi msihamie kwenye hedifoni kwa sauti ya mwisho.

Basi, njooni watatu watatu na mikono iliyonawiwa. Nitaangalia sikio la kila mmoja kabla hajarudi ndani. Yule kijana wa tatu wa asubuhi, anza wewe. Kushoto kwanza… kishikilie, usiachie. Fundi, washa mashine.