Kushuka Ukingo wa Newala na Kurudi Mzima

Habari zenu! Hapa nimesimama Newala, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, mahali panapoitwa Shimo la Mungu. Chini kule ni bonde la Ruvuma, ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Leo tunashuka. Mlima mwingine unaanza kwa kupanda, huu unaanza kwa kushuka, na ndipo wengi wanapokosea. Kazi yenyewe iko mwisho, jua la utosini, magoti yameshalegea.

Kwa hiyo, maji kwanza. Mimi nabeba lita 3. Lita moja ikiisha nageuza, hata kama sijafika chini. Mbili zilizobaki ni za kupandia. Huku juu udongo wa kichanga unanyonya mvua yote. Zamani kina mama walishuka kwenye magenge haya kuteka maji, wakapanda na mitungi kichwani. Wewe na kibegi chako usilalamike.

Njoo Juni na kuendelea. Wakati wa mvua udongo huu unateleza kama mlenda. Vaa raba zenye meno, anza saa 12 asubuhi. Ukikuta mzee kwenye mikorosho, mwamkie, muulize wapi njia imemomonyoka, mwambie na saa utakayorudi.

Sasa tazameni miguu yangu. Kushoto ukuta, kulia hewa tupu. Mwili unataka kuegemea ukuta. Usiukubalie! Ukiegemea, uzito unatoka kwenye nyayo na mguu unateleza. Simama wima, kunja goti kidogo, hatua fupi fupi.

Hapa pamesimama zaidi: geukia mwamba, shuka kinyumenyume. Una mikono miwili na miguu miwili: kila mara vitatu vishike, kimoja ndicho kihame. Majani na mizizi mikavu si kamba. Jiwe libonyeze kwanza kabla hujalipa uzito wako. Likichomoka, piga kelele "Jiwe!" Aliye chini abane ukutani, asiinue uso kutazama.

Picha? Simama kwanza, ndipo utoe simu. Mimi niliwahi kurudi nyuma hatua moja ili wenzangu wote waenee, mmoja akanidaka begi. Mpaka leo ananidai soda.

Mtu akiumia, msimvute kumpandisha. Mfunikeni, mpigie Zimamoto na Uokoaji, 114.

Haya, kazeni kamba za viatu. Mbele aende anayeijua njia.