Fundi, usiufiche ufundi wako ukienda kufundisha Kiingereza

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nawajibu mafundi, wahandisi na watu wa kompyuta mnaoniuliza kama huku ughaibuni mnaweza kufundisha Kiingereza. Mnaweza. Ila msije mkaufuta ufundi kwenye CV ili mfanane na waliosomea lugha!

Cheti utahitaji, hilo halina mjadala. CELTA ya Cambridge, kwa mfano, ni kozi ya saa zisizopungua 120, na ndani yake unafundisha wanafunzi halisi kwa saa 6 huku mkufunzi amekaa nyuma anakuandika. Haya, tuendelee.

Penye nafasi yetu ni Kiingereza cha kazi. Rubani wa safari za kimataifa, ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inamtaka kwenye Kiingereza afikie angalau daraja la 4 kati ya 6. Mafundi wa ndege nao wana Kiingereza kilichorahisishwa cha miongozo, ASD-STE100, ambamo sentensi ya maelekezo haizidi maneno 20.

Mimi hupenda kuanza na ripoti ya hitilafu. Mwanafunzi kaandika kwa Kiingereza kwamba pampu ilisimama. Namuuliza: sasa hivi inafanya kazi, au bado imesimama? Wa zamu ya usiku atasoma sentensi hiyo kabla hajagusa kitu! Hapo somo la nyakati za vitenzi linamwingia bila ubao kujaa mishale. Mwalimu asiyewahi kushika spana atampa mfano wa mtu aliyepoteza funguo, basi.

Zoezi jingine: mmoja aandike hatua za kubadilisha chujio, mwenzake afanye kilichoandikwa tu, asiongeze cha kwake. Hatua ya kuzima mashine ikisahaulika, darasa zima linapiga kelele. Kwa Kiingereza, tena.

Sasa niwaseme kidogo. Sisi tunapenda kanuni, kosa tukiliona tunataka kulimaliza palepale kama hitilafu ya programu. Binadamu haendi hivyo. Utamsahihisha leo, kesho atarudia, na ukimkatiza kila neno ataacha kuongea kabisa. Na akikuzidi kwenye fani yake, mwache akueleze mashine yake. Mazoezi yenyewe ndiyo hayo.

Kwa hiyo ukituma maombi, jaribu kwanza viwanda, vyuo vya ufundi, vya ubaharia na vya usafiri wa anga. Andika wazi kwamba umeandaa miongozo, umeelekeza wanagenzi, umekabidhi zamu. Video ijayo tutaipitia CV yangu mstari kwa mstari.