Mgeni na Mvinyo Asioujua

Ndugu zangu wahudumu, nanyi wanafunzi mliotoka vyuo vya hoteli, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumfikisha mgeni kwenye mvinyo ambao hajawahi kuusikia. Nitaanzia New York, maana kuna mtu huko alilifanya jambo hili kwa ujasiri ninaotamani muuige.

Mwaka 2008 Paul Grieco, mjuzi wa mvinyo, na mpishi Marco Canora walifungua baa ndogo iitwayo Terroir, mtaa wa East 12th. Palikuwa mahali pa watu wa jirani kupitia jioni. Orodha ya mvinyo ilikuwa faili la shule lililojaa stika na michoro, na ndani yake Grieco aliandika maelezo marefu ya mambo anayoyapenda. Kiangazi cha mwaka huo akaamua kwamba mvinyo mweupe wa kuuzwa kwa glasi utakuwa Riesling peke yake, mvinyo wa zabibu nyeupe yenye asili ya Ujerumani. Ukiomba glasi ya Chardonnay, hakuna. Sauvignon Blanc, hakuna.

Upimeni uamuzi huo. Hayo ndiyo majina ambayo mgeni huyataja hata kabla hajakaa vizuri. Riesling watu waliikwepa, wakiamini ni mvinyo wa sukari na wa bei ya chini, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imeuza nje mvinyo mwingi wa aina hiyo. Na mwingi wa huo haukuwa hata Riesling. Ulitokana na zabibu za Müller-Thurgau.

Desturi hiyo ikaendelea kila kiangazi, na migahawa mingine ya Marekani ikaifuata. Mimi naona siri ilikuwa kwenye glasi. Chupa nzima ya kitu usichokijua inatisha mfuko, glasi haitishi. Tena mimina kidogo kwanza, mgeni aonje, asipopenda uondoe bila kununa. Akishajua kwamba ana ruhusa ya kukataa, anakubali kujaribu.

Lakini glasi bila maneno haitoshi. Lazima ujue unachomimina. Riesling hukomaa polepole, na kwenye bonde la mto Mosel huko Ujerumani, kwenye baridi na miteremko mikali ya mawe ya sleti, zabibu hubaki na ukali mwingi kama wa ndimu. Mtengenezaji anaweza kuusimamisha uchachukaji, yaani sukari kugeuka kilevi, mapema ili sukari kidogo ibaki kuupoza ukali huo, na ndiyo maana chupa nyingi za Kabinett, daraja la mvinyo mwepesi wa Kijerumani, zina kilevi cha asilimia 8 au 9 hivi. Mwingine anaacha uchachukaji umalize karibu sukari yote, na kwenye lebo anaandika Trocken, yaani mkavu. Mgeni akisema hapendi mvinyo mtamu, mwoneshe neno hilo kwenye lebo kwa kidole. Msianze kubishana naye.

Jambo moja hamtaruhusiwa kulisahau: Riesling iliyokaa miaka mingi hunukia mafuta ya taa. Ni harufu yake halali, na wanaoijua huitafuta. Mgeni asiyeambiwa atadhani glasi haikuoshwa. Mwambie kabla hajaiinua, kwa sentensi moja tu, naye atanusa kwa hamu badala ya kuirudisha.

Halafu kuna chakula, na hapa sisi tuna bahati. Kilevi kingi huzidisha moto wa pilipili mdomoni. Kilevi kidogo pamoja na utamu kidogo huutuliza. Mgeni aliyeagiza kamba wa pilipili akakuomba mvinyo mwekundu mzito, mhudumie alichoomba, ila mpelekee na funda la Kabinett iliyopoa aonje bure. Hapo huhitaji kumhubiria.

Sasa turudi nyumbani. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kuna zabibu nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, panapofanyiwa utafiti wa zao hilo. Inaniuma ninapofungua orodha ya hoteli yetu nikakuta kurasa za Afrika Kusini na Italia, kisha Dodoma imeandikwa mstari mmoja chini kabisa, bila jina la zabibu wala la mkulima. Mgeni aliyesafiri kutoka Ulaya ana mvinyo wa Italia kwao. Huu wa Dodoma hataupata huko, na anayeweza kumwonjesha ni wewe.

Kwa hiyo anzeni na chupa mbili tu za kuuza kwa glasi, moja ya Dodoma na moja ya mbali. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye lebo kwa kalamu, zibeni vizuri, mziweke kwenye friji hata kama ni nyekundu, na kila asubuhi mzionje kabla ya kumuuzia mtu. Ikipoteza harufu yake, ipelekeni jikoni kwa mpishi, siku hiyohiyo.