Asidi za nyongo zinavyozungumza na seli za kinga

Mabibi na mabwana, muda niliopewa ni mfupi, kwa hiyo sitaanzia mbali.

Shuleni tulifundishwa kwamba nyongo hutengenezwa na ini, hutunzwa kwenye kifuko chake, kisha humwagwa kwenye utumbo mwembamba chakula kinapofika. Asidi zilizomo huyatawanya mafuta kuwa matone madogo, kama sabuni kwenye sufuria. Ni kweli, ila hiyo ni nusu tu ya kazi yake.

Ini hutengeneza asidi hizi kutokana na kolesteroli. Kwa binadamu, kuu ni mbili: asidi ya koliki na asidi ya kenodioksikoliki. Zikishamaliza kazi, takribani asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Kiasi kidogo huponyoka hadi utumbo mpana, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Bakteria wa huko hubandua glaisini au taurini, molekuli ndogo iliyoambatishwa na ini. Baada ya hapo wachache miongoni mwao, kama Clostridium scindens, huondoa kundi moja la haidroksili, yaani oksijeni iliyoungana na haidrojeni. Koliki inageuka dioksikoliki. Kenodioksikoliki inageuka lithokoliki. Ini la binadamu haliwezi kuifanya hatua hiyo.

Seli za kinga zinahusikaje? Zina vipokezi, yaani protini zinazopokea ishara. Mwaka 1999 ilibainika kwamba FXR, kipokezi kinachofanya kazi ndani ya kiini cha seli, huamshwa na asidi za nyongo, hasa kenodioksikoliki. Miaka michache baadaye kikatambuliwa TGR5, ambacho kinakaa kwenye utando wa seli na huitikia zaidi lithokoliki. FXR huwasha na kuzima jeni, kazi isiyo ya haraka. TGR5 hupandisha mara moja kiwango cha AMP ya duara, molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli, na ndani ya makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, matokeo yake ni kupungua kwa saitokaini, protini za ishara, zinazochochea mchochota.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 2019, uliofanywa kwa panya na kwa seli za maabara. Watafiti walichukua mazao mawili ya lithokoliki. La kwanza, 3-okso-lithokoliki, lilijishikiza kwenye RORγt, protini ambayo bila hiyo seli T za aina ya Th17, seli za kinga zinazochochea mchochota, hazikui. Seli hizo zikapungua. La pili, isoalo-lithokoliki, halikuigusa protini hiyo. Lilichochea mitokondria kutoa oksijeni tendaji zaidi, jeni ya FOXP3, inayoongoza seli T dhibiti, ikawaka, na seli hizo, zile zinazotuliza wenzao, zikaongezeka. Molekuli hizi mbili ni ndugu wa karibu mno. Zinatofautiana kwenye sehemu ndogo tu ya umbo, basi. Mwaka uliofuata, isodioksikoliki, umbo jingine la dioksikoliki, nayo ilionekana kuongeza seli T dhibiti, lakini kwa njia ya tatu: ilizifikia kwanza seli za dendriti, zile zinazozielekeza seli T, kupitia FXR.

Ndiyo maana nikisikia mtu anatangaza dawa ya “kurekebisha nyongo ili kuongeza kinga”, huwa nauliza: asidi ipi, na kwenye seli ipi? Kwanza, kuongeza kinga kwa mgonjwa ambaye utumbo wake tayari unashambuliwa na kinga yake mwenyewe ni kumzidishia maradhi. Tena dioksikoliki ikizidi huharibu seli za ukuta wa utumbo mpana.

Na si kila mahali utulivu huo unafaa. Mwaka 2018, watafiti waliwapa panya wenye saratani kwenye ini antibiotiki za kuua bakteria wa utumbo. Asidi zinazotoka kwenye ini zilipanda, zile zilizogeuzwa na bakteria zikashuka. Seli zinazotanda mishipa midogo ya ini zikatoa CXCL16 kwa wingi, kemikali inayoziita seli za kinga za NKT, nazo zikakusanyika na kuzuia uvimbe kukua. Walipowarudishia panya hao asidi zilizogeuzwa na bakteria, seli za NKT zilipungua na uvimbe ukaongezeka.

Naishia hapo. Karibuni kwa maswali.