Wageni wa shule wakija, naitwa mimi

Haya jamani, karibuni tena. Leo hakuna picha za mji. Nawajibu wadogo zangu wa kike mnaouliza: dada, huko ughaibuni unakosomea uzamivu wa sayansi, hasa unafanya nini kutwa nzima?

Ratiba yangu wanaipanga bakteria. Ninaowakuza mimi, E. coli, wakishiba na kupata joto la nyuzi 37 hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Hawajui Jumapili. Nikichelewa kuwapima wameshaipita hatua niliyoitaka, naanza upya. Kwa hiyo shangazi, nisipopokea simu si maringo, nina glavu na pipeti, kile kifyonzeo cha kupimia vimiminika, mkononi. Mengine mnayajua: kusoma makala, kuandika, kuwasimamia wa shahada ya kwanza maabara, na kikao cha kila wiki na msimamizi, ambacho leo tukiache.

Sasa kuna kazi nyingine ambayo sikuambiwa wakati naomba nafasi: kuwapelekea watu sayansi. Shule zikitembelea idara, naitwa. Maonyesho, naitwa. Ikikaribia tarehe 11 Februari, ile siku ya wanawake na wasichana katika sayansi iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ndio kabisa. Na nisiwafiche, wakati mwingine kinachotakiwa ni sura yangu kwenye picha.

Ila naipenda. Nina zoezi la sahani mbili za aga, yaani ule ute mgumu wa kukuzia bakteria. Mtoto anagusa ya kwanza kwa vidole vyake jinsi alivyokuja, ananawa, anagusa ya pili. Tunazifunga kwa utepe, hazifunguliwi tena, tunaziweka kwenye joto siku mbili tatu. Kila mtu anategemea ya pili iwe safi. Basi kuna binti alikuta ya pili ina madoa mengi kuliko ya kwanza, akanikazia macho: "Sasa mbona mnatuambia tunawe?" Yaani lile swali, maprofesa wangu hawajawahi kunibana hivyo! Ilibidi nimweleze kwamba ngozi ina wakazi wake wa kudumu, na kusugua kunaweza kuwalegeza wakajitokeza. Sabuni inawaondoa hasa wapitaji, waliotoka chooni au kwenye nyama mbichi, na wengi wanaotuletea maradhi wamo humo. Hakuridhika. Akataka kurudia na sabuni nyingine. Huyo tayari ni mtafiti.

Mwaka 1983 mtafiti David Chambers alichapisha utafiti wa watoto 4,807 walioambiwa wachore mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28 tu, wote wasichana. Tafiti za Marekani za kati ya 1985 na 2016 zilipokusanywa pamoja, wastani wa waliochora mwanamke ulifika asilimia 28. Siwezi kusema ni kwa sababu ya sahani zetu za aga, lakini watoto huchora wanachokiona, na mimi nataka waone.

Kinachoniudhi ni hesabu. Siku ya kutetea tasnifu hakuna atakayeuliza nimeongea na madarasa mangapi, wataangalia makala. Saa ninazotumia kukata utepe, kijana wa meza ya jirani anaandika. Si kosa lake, hajaitwa tu.

Kwa hiyo mkifika huku, msikatae, ila ulizeni kabla ya kusema ndiyo. Nani ananunua vifaa? Nauli ipo? Wanaume wa maabara nao wanakuja kuosha sahani? Na kubwa zaidi, itaandikwa kwenye tathmini yangu ya mwaka? Mimi niliomba iandikwe. Msimamizi akaguna, akaandika mstari mmoja. Mwaka huu naenda kuomba aya.